Hayupo Tena

Mwanamvua alinijibu kwa neno moja. Nilimuuliza mumewe yuko wapi, naye, bila kuinua macho kwenye muhogo aliokuwa akiumenya, akasema, "Hayupo."

Nililiandika neno hilo katika daftari langu kama nilivyolisikia. Nilimuuliza ana watoto wangapi, akasema wawili. Nilimuuliza jana walikula nini, akaunyanyua ule muhogo kwa ncha ya kisu nikauona vizuri. Ulikuwa mwembamba kama kidole, umeng'olewa kabla ya wakati wake, kwa sababu iliyokomaa ilikwisha kuliwa na nguruwe mwitu. Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana mwaka wa pili mfululizo, na kitongoji chake, Kwa Mboni, nyuma ya vilima vya Kisarawe, kilikuwa na njaa ya kweli. Nilimwachia vibaba viwili vya unga, nikaaga, nikapanda baiskeli ya chama.

Hadi hapo sikuwa na kosa. Kosa nililifanya jioni ile ofisini, nilipokaa kuandika habari yake.

Mimi nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka thelathini na minne, baba wa watoto watatu, katika kisomo cha jioni kilichofunguliwa karibu na boma. Tulikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakikaribia videvu, wauza nazi na wapagazi na matarishi, na mwalimu wetu, Abdala, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi. Somo nililolipenda kuliko yote ni imla. Mwalimu alisema sentensi, sisi tukaiandika. Mtu akiongeza neno lake mwenyewe, mwalimu alilipigia mstari mwekundu na kuuliza, "Nani amelisema hili?" Darasa zima lilicheka, na aliyeulizwa hakuwa na la kujibu. Mimi niliomba kila usiku Mwenyezi Mungu anifungulie ufahamu, na miaka miwili baadaye nikapata kazi ya ukarani katika Chama cha Huruma.

Chama hicho kiligawa unga, mablanketi na dawa ya vidonda. Kilikuwa na gazeti lake dogo lililochapwa Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, na kwa gazeti hilo ndipo walipopatikana watu wa kutoa. Mhariri alikuwa katibu wetu, Bwana Zahoro, mtu wa mjini, msafi, mwenye miwani. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja nilimwona akimfunika mzee mgonjwa kwa koti lake mwenyewe, na hakulirudia. Lakini habari zangu tatu za mwanzo alinirudishia.

"Isihaka," aliniambia, "hizi ni ripoti za bomani. Msomaji wetu yuko mjini anakunywa chai yake. Mpe sababu ya kukiweka kikombe chini."

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani jioni ile. Niliandika: "Mume wake, Mashaka, hayupo." Nikaisoma. Niliiona kavu. Kwa sentensi ile hakuna ambaye angekiweka kikombe chini. Nikaongeza neno moja mbele yake, neno la herufi nne. "Mume wake, Mashaka, hayupo tena." Hapo sentensi ikawa na uzito.

Nilijua nilichokifanya. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu wema walitaka kunitetea, wakisema mtu aliyesoma ukubwani huweza kukosea maneno. Sikukosea. Mwanamvua alisema "Hayupo" kama mwanamke anavyosema juu ya mume aliyekwenda kazini akachelewa kurudi, kwa kuchoka na kwa hasira kidogo. Marehemu hatajwi kwa sauti ile.

Bwana Zahoro aliisoma karatasi, akafika hapo, akainua kichwa.

"Amekufa?"

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Usiku ule katika sala ya isha nilisahau hesabu ya rakaa, nikasali upya, nikasahau tena.

Gazeti lilitoka mwisho wa Januari. Juu ya habari yangu, kwa herufi kubwa, Bwana Zahoro alikuwa ameweka: MJANE WA KWA MBONI NA YATIMA WAKE WAWILI. Wasomaji walikiweka kikombe chini. Miezi iliyopita lori letu lilikuwa likija nusu tupu. Mara hii yalikuja malori mawili yamejaa, magunia yamefika hadi juu ya kibanda cha dereva. Bwana Zahoro alinishika mkono mbele ya makarani wote. Nilifurahi, siwezi kusema uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilijiambia kwamba Mungu ameugeuza udhaifu wangu kuwa unga.

Baada ya wiki tatu nilikwenda Kwa Mboni na lori la pili. Tuliita majina, watu wakaja na makapu yao. Nilipoita jina la Mwanamvua alikuja bintiye mkubwa, Biubwa. Nikamuuliza mama yake yuko wapi.

"Yuko ndani," akasema. "Yuko eda."

Nilimwachia dereva orodha, nikafuatana na yule binti.

Mwanamke aliye edani haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo nilisimama nyuma ya ukuta wa udongo, nikaelekeza uso shambani. Ndani alikuwamo pia bibi mmoja wa ukoo aliyewekwa kumwangalia, nikamsikia akikohoa. Nilitoa salamu. Mwanamvua aliitambua sauti yangu mara moja.

Alinieleza yote bila kupandisha sauti. Gazeti lilisomwa kwa sauti pale Kisarawe baada ya sala ya Ijumaa, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo shemeji yake Mwinjuma, kaka mkubwa wa Mashaka. Mwinjuma alirudi analia. Ukoo ukakusanyika, ikasomwa hitima, akachinjwa mbuzi mweusi wa Mashaka, na Mwanamvua akavikwa nguo nyeupe na kuketishwa ndani. Aliwaambia kwamba mumewe yuko kazini kwenye gengi la reli, kwanza Ruvu, kisha Kwala. Wakamuuliza mara ya mwisho alipata lini habari zake. Ilikuwa miezi saba. Wakamuuliza kama ni yeye aliyezungumza na karani wa gazeti. Akakubali, ni yeye.

"Basi wakasema nilijua," alisema. "Wakasema karani nimemwambia kweli, wao nimewaficha, nisije kukaa eda wakati wa kulima. Wanawake wenzangu wananitazama kama niliyekula maiti ya mume wangu." Kisha akauliza, "Karani, nilikwambia Mashaka amekufa?"

"Hukuniambia."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema hayupo."

"Na hilo lililofuata, nani kalisema?"

Nilikuwa nimesikia swali hilo mara nyingi darasani, likaulizwa kwa kicheko. Hapa hapakuwa na aliyecheka.

"Mimi," nikasema.

Nilisikia kisu kikiwekwa chini. Kisha Mwanamvua akasema kwamba leo ni siku yake ya kumi na nane ndani, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Masika yakianguka atayasikia juu ya makuti, mbegu ziko kibuyuni, na nje hakuna wa kuzipanda, maana watoto bado wadogo na Mwinjuma ana shamba lake.

"Umeliweka wewe," akamaliza. "Nenda kaliondoe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwinjuma. Nilimkuta barazani kwake akikaza mpini wa jembe, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, macho bado mekundu kwa msiba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamwambia kila kitu, hata yale ya kikombe cha chai. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na jambo hilo lilinitia matumaini.

"Mwanangu," alisema, "shemeji yangu amechoka kukaa ndani, nawe una moyo mwema, umekuja kumtoa."

Nikaapa kwamba sivyo.

"Mwezi uliopita uliongeza neno. Leo unalipunguza. Sisi tushike lipi?"

Nilimwambia ashike la leo. Akaniuliza kwa nini la leo liwe la kweli kuliko lile lililopigwa chapa, likasomwa mbele ya msikiti, likaleta malori mawili. Nilisema kama Mashaka angekufa watu wa reli wangeleta habari bomani. Akajibu kwamba wameleta, na habari yenyewe ndilo gazeti. Kila nilichosema kiligonga kile nilichokwisha kuandika, kikarudi. Mwisho nikamuuliza ni kitu gani kitakachomridhisha.

"Mashaka aje kwa miguu yake. Akija, nitakwenda mwenyewe mlangoni kwa shemeji kumwomba radhi."

Nilirudi Kisarawe nikamweleza Bwana Zahoro. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakunikaripia kwa sababu ya lile neno, na nadhani ningependa kukaripiwa. Alisema atatuma mtu wa kumtuliza Mwinjuma, na kwa upande wa gazeti ni afadhali tusiguse kitu. Nikamwomba achape sahihisho. Akasema labda mstari mmoja, ukurasa wa mwisho, chini ya ratiba ya dawa.

"Fikiri, Isihaka. Nikitangaza kwamba mjane si mjane, kesho watauliza kama njaa nayo ni njaa. Malori yatasimama. Utawaambia nini watu wa Kwa Mboni?"

Nilikumbuka lile alilosema mwalimu wangu wa Kurani nikiwa mdogo, kwamba ukimkosea Mungu utaomba toba kwake, lakini ukimkosea mtu, Mungu anakurudisha kwa mtu huyo kwanza. Nilimwambia Bwana Zahoro kwamba nakwenda Kwala. Akasema sijapewa ruhusa. Niliiegemeza baiskeli ya chama ukutani, nikaweka kalamu ya chama mezani, nikamuaga kwa adabu, nikatoka.

Asubuhi baada ya alfajiri niliteremka kwa miguu hadi stesheni ya Pugu. Katika behewa la daraja la tatu nilikaa kati ya matenga ya kuku na wanawake wa Mlandizi waliokuwa wakirudi kwao. Niliomba njia nzima. Sikuomba kuhusu kazi yangu. Niliomba Mashaka awe hai, kisha nikaona haya, maana namwombea uhai mtu niliyemuua mwenyewe kwa ajili ya karatasi. Hata hivyo sikuacha.

Kwala niliambiwa gengi liko mbele, mwendo wa zaidi ya saa moja. Nilitembea juu ya mataruma ya reli, jua likinipiga kisogoni, mpaka nikawaona watu wakishindilia kokoto chini ya reli. Nyapara alikuwa amekaa kwenye toroli, akinywa maji.

"Mashaka?" akasema. "Nilikuwa na wawili. Mmoja tulimzika mwezi wa saba."

Nilimuuliza aliyezikwa alikuwa mtu wa wapi. Hakujua. Watu wa pwani, alisema, wote kwake ni watu wa pwani. Nilimwambia yule wangu ana kovu la moto mkono wa kushoto, maana Biubwa alikuwa amenieleza hivyo. Nyapara akainua mabega, akanionyesha kwa kidole safu ya watu. Niliipita safu ile mmoja mmoja nikitazama mikono. Wa tisa alikuwa amekunja mikono ya shati, na kovu lilianzia kifundoni hadi kiwikoni.

"Wewe ni Mashaka wa Kwa Mboni?"

"Ndiye mimi. Nani anadai?"

Nilikaa chini juu ya reli. Nilisema alhamdulillahi mara nyingi, mpaka wenzake wakaacha kazi kutazama. Kisha nikamwambia kwamba huko kwao amekufa, na kwamba ni mimi niliyemwandika hivyo.

Alinitazama, akawatazama wenzake.

"Hitima imesomwa?"

"Imesomwa."

"Wamechinja?"

"Mbuzi mweusi."

"Yule mwenye pembe moja?" Akatupa sululu chini. "Basi aliyekufa ni huyo. Tumwombee yeye."

Gengi zima likaangua kicheko. Mtani wake mmoja, Mnyamwezi, akasimama akasema kwamba kwa kuwa msiba umekwisha kutangazwa rasmi, yeye kama mtani anadai haki yake ya mazishini, nayo ni blanketi la marehemu na sufuria yake, na kwamba marehemu asijitie kusema, hakuna maiti msemaji. Mashaka akamwambia achukue na deni la tumbaku. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu nisikie neno eda.

Lakini nilipomweleza mahali alipo mkewe, na ni siku ya ngapi, na wanasema nini juu yake, Mashaka aliacha kucheka. Alisema alituma salamu mara mbili kwa watu wanaoshukia Pugu. Kumbe zote mbili ziliishia Pugu. Alikwenda kwa nyapara, akazungumza naye kwa dakika chache, akarudi na kifurushi chake. Yule Mnyamwezi alimrudishia blanketi.

Ndani ya treni ya kurudi hatukusema mengi. Tulipopita Ruvu aliniuliza kwa nini niliandika vile.

"Ili watu walie," nikasema.

"Wakalia?"

"Walilia."

Alitazama nje ya dirisha. "Kaka yangu naye amelia," akasema. "Ya kwake yeye hamkuyahitaji."

Tulifika Kisarawe kesho yake, mapema mchana. Mashaka alitaka kupita ofisini kwanza, kwa kuwa iko njiani, akaione hiyo karatasi. Nilimwingiza mpaka chumba cha Bwana Zahoro. Mashaka akasimama mlangoni, vumbi la reli usoni, kifurushi begani.

"Shikamoo, bwana. Mimi ndiye marehemu."

Bwana Zahoro alisahau kuitikia. Akasimama, akavuta kiti, akamketisha. Mashaka akamwomba amsomee alivyokufa, kwa sababu yeye hakusoma. Nilidhani Bwana Zahoro atanipa mimi gazeti nisome, lakini alilichukua mwenyewe na kusoma kwa sauti. Alianza vizuri. Alipofika kwenye "hayupo tena" sauti ilipungua, na kwenye yatima wawili alisimama, akalikunja gazeti.

"Mengine?" akauliza Mashaka.

"Mengine ni juu ya muhogo," akasema Bwana Zahoro. "Hayo ni kweli."

"Naam, hayo ni kweli. Bwana, mimi si mtu wa maneno. Njaa yetu ni ya kweli, na nguruwe ni wa kweli. Haikutosha mpaka mniue?"

Nje lori lilikuwa likipakuliwa, tukayasikia magunia yakitupwa chini moja baada ya jingine. Bwana Zahoro akaniambia niandike sahihisho, liwe ukurasa wa kwanza.

"Herufi zilezile?" nikamuuliza.

"Zilezile." Akaisogeza ile kalamu upande wangu wa meza.

Nikaichukua, lakini nilimwambia kwamba sitaandika pale. Nitaandikia Kwa Mboni, mbele ya Mwanamvua mwenyewe, na nitamsomea kabla halijaondoka. Akasema nichukue na baiskeli, mmoja wetu aendeshe na mwingine akae nyuma.

Mwinjuma alikuwa uani kwake alipotuona. Jembe lilimtoka mkononi. Alikuja polepole, akamshika mdogo wake mabega, akaushika pia ule mkono wenye kovu, akaugeuza kama anayekagua kitu sokoni. Alimwacha pale, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mwanamvua, sisi tukimfuata, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, na kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia akasema, "Shemeji, nimekukosea. Naomba radhi. Mumeo huyu hapa."

Mlango ulifunguliwa na yule bibi. Mwanamvua alitoka na nguo yake nyeupe, akifumba macho kwa ajili ya mwanga. Watoto walikuwa wamekwisha kumwangukia baba yao. Yeye alisimama akimtazama Mashaka kwa muda, kama mtu anayehesabu miezi.

"Umechelewa," akamwambia.

Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanga yake ya kila siku, na kitu cha kwanza alichokiulizia ni jembe.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imekwisha kuanguka usiku wa kuamkia siku ile. Wengine walikuwa wamepanda tangu asubuhi, shamba lake lilikuwa bado magugu. Alilima hadi jua likazama, Mashaka upande mmoja na Mwinjuma upande wa pili. Mimi nikalima nyuma yao, kwa jembe la kuazima.

Kesho yake, baada ya kazi, tulikaa uani, nikafungua daftari. Niliandika, nikamsomea. Nilikuwa nimeanza na maneno, "Mwanamvua, mama maskini wa Kwa Mboni." Akanisimamisha.

"Nani kasema maskini?"

Nikalikata. Niliposema kwamba wanangoja msaada kwa machozi, aliuliza ni nani aliyemwona akilia. Nikalikata hilo pia. Alitaka niandike nguruwe, na idadi ya mashina ya mihogo waliyoyang'oa, ambayo aliijua kichwani. Alitaka niandike kwamba mumewe alikuwa kwenye gengi la reli Kwala akifanya kazi, na kwamba ni karani wa chama aliyeongeza neno. Jina langu nililiandika mwenyewe, bila kuambiwa.

"Sasa andika nilivyokujibu siku ile."

Nikaandika: "Hayupo."

"Umeweka ile mnayoweka mwisho?"

"Nukta?"

"Nukta. Iweke, neno jingine lisipate pa kuingia."

Nikaiweka, nikamwonyesha. Aliigusa kwa kidole, wino ukamshika, akaufuta kwenye kanga.

Sahihisho lilitoka mwezi uliofuata, ukurasa wa kwanza, herufi zilezile. Nililisoma mimi mwenyewe pale Kisarawe baada ya sala ya Ijumaa, mahali palepale liliposomwa la kwanza. Nilisoma mpaka jina langu, nikalisoma na jina langu. Bwana Zahoro hakuwa amekosea kabisa: mtu mmoja wa mjini aliandika barua ya hasira, na lori lilikuja moja badala ya mawili. Kwa Mboni wako walioninung'unikia, na walikuwa na haki. Lakini lori lilikuja, na tangu siku ile hakuna habari iliyotoka mkononi mwangu kabla mwenyewe hajasomewa. Wengine huniambia nifute, nami nafuta. Kazi huenda polepole. Bwana Zahoro hulalamika, kisha hungoja.

Siku ile ya daftari, kabla sijaondoka, nilimwomba Mwanamvua radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache. Alifikiri huku akichagua mbegu kwenye ungo.

"Nimepanda nyuma ya watu wote," akasema. "Ngoja tuone mahindi. Yakibeba, nitakupa."

Nikamwambia nitangoja. Tangu hapo kila Jumapili, nikishamaliza sala ya asubuhi, napanda vilima na jembe langu begani kwenda kumpalilia. Mashaka hunicheka, huniita mpagazi wa maiti. Mahindi ni mafupi kuliko ya jirani, lakini wiki iliyopita yametoa ndevu.